Tuongee Muvi: Mume na DJ Afro wake, Hurrem wa sura mbili, na stendapu isiyochekesha kwenye simu

Haya wapenzi, tumekutana tena. Wiki hizi mbili meseji zimekuwa nyingi mpaka nimeshindwa kujibu zote, samahanini sana niliowaruka, ila kitu nilichokiona ni kwamba safari hii karibu kila mtu analalamika na sikio, nani anaongea lugha gani, kwanini haisikiki, kwanini wenzangu wanacheka na mi sicheki. Nimefurahi maana hata mimi muvi naianza na sikio, picha inafuata. Twende.

Dada habari yako. Mzee wangu haangalii muvi kama haina DJ Afro, yule anayetafsiri muvi kwa sauti yake. Iwe ya Kichina, ya Kihindi ama ya Marekani, lazima DJ aongee juu yake. Juzi niliweka moja nzuri tuangalie pamoja, dakika kumi tu akaanza kukoroma. Mimi nataka kuwasikia waigizaji wenyewe. Mtu kama huyu kweli anaangalia muvi ama anasikiliza redio? (Mke wa mtu, Nakuru)

Pole dada yangu, lakini hapa nitamtetea shemeji kwanza halafu nitakurudia wewe. Mi nimekulia kwenye kibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea video, Morogoro huko, mabenchi ya mbao, tivi ya chogo imewekwa juu ya kabati ili wa nyuma nao waone, madirisha yamezibwa kwa viroba mwanga usiingie na wasiolipa wasichungulie, joto lake ukitoka nje unasikia upepo kama umemwagiwa maji. Kichina hatukijui, Kiingereza chenyewe cha kuungaunga, sabutaito zinapita mbio na nusu ya waliokaa humo ni watoto wa darasa la pili. Sauti ya DJ ndio iliyotuingiza ndani. Anakwambia stelingi ni yupi, yule mwenye kovu usimwamini, huyu mama unayemwona analia ni mke mkubwa na yule aliyesimama mlangoni ni shemeji yake, yaani ukoo mzima wa Kihindi unaupanga kichwani ndani ya dakika tano. Bibi yangu alipokuwa anatusimulia hadithi usiku alikuwa anafanya hivyohivyo, anasimamisha hadithi katikati, anamsema sungura, anatuuliza sisi ingekuwa wewe ungefanyaje, halafu anaendelea. Mi naamini ma-DJ wetu wameirithi ile, wameichukua muvi ya mtu wa mbali wakaigeuza hadithi ya kwetu. Hata Uganda wanao, VJ Jingo anafanya kwa Kiganda na watu wanamfuata yeye kuliko hata muvi yenyewe. Kinachoniuma ni kimoja tu, kwamba aliyeitengeneza ile muvi mara nyingi haoni hata senti, na hilo tusilifumbie macho.

Kwahiyo shemeji anaangalia muvi kabisa, wala sio redio. Ila kuna kitu anakikosa na hapo ndipo wewe una haki, anakosa ukimya. DJ hawezi kunyamaza, akinyamaza sekunde kumi watu wanadhani spika imekufa. Sasa kuna muvi zinazoongea kwa kunyamaza. Mtafutie Nawi ya 2024, ya kwenu Kenya hiyohiyo, msichana wa Turkana wa miaka 13 anayetaka kwenda sekondari na baba yake anamwozesha, mahari ni kondoo 60, ngamia 8 na mbuzi 100. Ilianza kama hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi, ikaongozwa na watu wanne, na Kenya ikaipeleka Oscar. Ile idadi ya mifugo ukitajiwa unatakiwa uachwe nayo, ukae nayo, mtu akidakia na utani hapo ameiua. Na huyo binti anayeigiza, Michelle Lemuya, uso wake unaongea mambo ambayo DJ yeyote angeyaharibu.

Nashauri hivi, Ijumaa iwe ya DJ Afro na wewe ukae naye ucheke kwelikweli usinune, Jumamosi iwe yako. Na usiweke saa nne usiku akiwa ametoka kazini amechoka, mtu akikoroma saa hiyo sio lazima muvi iwe mbaya. Weka mchana.

Shikamoo dada. Mimi niko kidato cha sita, kitabu cha Vuta N'kuvute tunakisoma. Nimeangalia filamu yake nimeona wameacha vitu vingi sana na rafiki zangu wanasema inaenda pole pole mno. Wewe unaonaje? (Mwanafunzi, Tanga)

Marahaba mwanangu. Kwanza jambo la dharura kabla sijasahau, usije ukajibu mtihani kwa kutumia filamu, nakuomba sana, mtunga swali amesoma kitabu cha Adam Shafi, hajali kilichokatwa na Amil Shivji. Kitabu kina safari ndefu na watu wengi, filamu ni ya saa moja na nusu hivi, lazima uchague na yeye amemchagua Yasmin na Denge na mapenzi yao katikati ya vuguvugu la kumtoa Mwingereza Zanzibar miaka ya hamsini. Mi simlaumu hata kidogo. Ukitaka kila ukurasa uonekane utapata tamthilia ya msimu mzima, na ningeiangalia hiyo pia ikitengenezwa, lakini ni kazi nyingine.

Hilo la pole pole ndio nataka tuongee. Rafiki zako wamezoea muvi ambayo kila dakika mbili mtu anapigwa kofi au anagundua siri mlangoni. Hii imetengenezwa na mtu anayetaka uone kuta za Mji Mkongwe, giza la chumbani, mwanga unaoingilia dirishani, halafu usikie. Sikiliza jinsi wanavyoongea! Kile Kiswahili cha Unguja hakijanyooshwa ili mtu wa bara aelewe haraka, wameacha kila mtu aongee kwa kinywa chake, na Mwajuma, rafiki yake Yasmin, ameigizwa na Siti Amina ambaye ni mwimbaji kweli, kwahiyo anapoimba taarabu huoni mwigizaji anayejifanya kuimba. Mara ya kwanza nilivyoiangalia nilikuwa na shangazi yangu wa Unguja, kila baada ya muda anasema "ehee, ndivyo wasemavyo", alikuwa hata hafuati hadithi, alikuwa anafurahia kusikia watu wake wanaongea kwenye skrini kubwa bila lafudhi yao kuigwa kwa kuchekesha. Mi nimeangalia muvi zetu nyingi ambazo Mpemba akitokea ni wa kuchekwa tu muda wote, kwahiyo kumwona mama wa watu amekaa anatabasamu kwa ajili ya lafudhi kumenigusa kuliko zawadi zozote.

Na zawadi na heshima imezipata pia, 2021 ilionyeshwa tamasha la Toronto, mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka Oscar, na kabla yake tulikuwa tumewahi kupeleka moja tu, Maangamizi ya 2001. Hebu piga hesabu hiyo miaka. Iangalie tena baada ya mtihani, peke yako, na hedifoni, usiangalie na kundi.

Dada, binti yangu ana miaka minane ameona tangazo la Supa Modo anataka kuangalia. Nimesikia ni ya mtoto mgonjwa. Nimruhusu? (Mama wa Mwanza)

Mruhusu ila kaa naye. Ni ya 2018, ya Mkenya Likarion Wainaina, ni fupi haifiki hata saa moja na robo. Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa ambao hataupona, anampenda Jackie Chan na anataka kuwa supa hiro, na kijiji kizima kinaamua kumsaidia atengeneze muvi yake. Watoto huwa wanaichukulia vizuri kuliko sisi, wao wanamwona mwenzao anayeruka, anayeona mabaya ni mama aliyekaa pembeni. Mi ndio niliyelia, mpwa wangu alikuwa ananipa kanga nijifute huku anaendelea kuangalia. Atakuuliza maswali kuhusu kufa, usimdanganye, na usimwambie "utajua ukikua". Mjibu kwa jinsi mnavyoamini nyumbani kwenu.

Asalaam aleikum dada. Niko Muscat nafanya kazi za ndani, tukimaliza kazi usiku tunaangalia ile tamthilia ya Kituruki ya Sultan kwa Kiswahili, kwa vipande kwenye simu. Naomba unieleze kwanini Hurrem, mke wa sultani, anabadilika sura kabisa, mwenzangu anasema ni mke mwingine mi nasema ni yuleyule. Na je ni kweli wale wanaongea Kiswahili au ni sauti zimebandikwa? (Dada wa Muscat)

Waaleikum salaam mpenzi wangu, na poleni na kazi. Umeshinda wewe, ni Hurrem yuleyule. Aliyeanza kumwigiza anaitwa Meryem Uzerli, akaondoka kwenye tamthilia mwaka 2013 kabla haijaisha, wakamweka mwigizaji mwingine mkubwa zaidi kiumri, Vahide Perçin, aliyemalizia mpaka mwisho 2014. Kwahiyo mwambie mwenzako akupe hela yako kama mliwekeana dau. Mi binafsi yule wa kwanza ananivuta zaidi, ana ile njaa ya mtu aliyeletwa mtumwa na anataka asife, ila yule wa pili ana uzito wa mama mwenye madaraka, kwahiyo wala hawakukosea.

Na ndio, ni sauti za kubandikwa, ni Waturuki wanaongea Kituruki, Azam ndio walioileta kwetu kwa Kiswahili. Watu wengi wanadharau hizi za kutafsiriwa, wanasema midomo haiendani na maneno. Ni kweli haiendani. Lakini ukizoea siku mbili tatu jicho linasamehe, sikio ndio halisamehe. Ukimpa malkia sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari umemharibu, na ukimpa mtoto wa mtaani Kiswahili cha kamusi umemharibu vilevile. Sultan imefaulu kwa sababu Kiswahili sanifu kinakaa vizuri ikulu, mtu akisema "ewe mtukufu" pale haichekeshi, ndio mahali pake. Nimewahi kusikia tafsiri nyingine jambazi anashika bunduki anasema "naomba unieleze mahali ulipoificha fedha hiyo", jamani, hakuna jambazi wa hivyo, kuanzia hapo nikazima.

Mnaikumbuka ile ya Kichina ya TBC ya 2011, Doudou na Mama Wakwe Zake? Mama yangu alikuwa hakosi. Beijing hajawahi kufika, wale watu hata wanachokula hakijui, lakini mkwe anayeingia chumbani bila hodi alikuwa anamjua vizuri sana. Ilipendwa mpaka Rais Xi Jinping alipokuja Dar 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Mi naona ile ilifungua mlango, watu wakaona kumbe mgeni akiongea Kiswahili kwenye tivi inawezekana na inapendeza.

Na wewe dada yangu, huko uliko, kile Kiswahili cha Sultan usiku baada ya kushinda kutwa unaamrishwa kwa lugha nyingine, naelewa kabisa kwanini mnakisubiri. Angalieni mpaka mwisho, Mustafa mtoto wa sultani atawaumiza, jiandaeni.

Mambo dada. Niko chuo Arusha. Wenzangu wanaangalia stendapu za mchekeshaji Trevor Noah Netflix wanavunjika mbavu, mi nacheka nusu, tena nachelewa. Halafu stendapu za kwetu nikiziona kwenye klipu sicheki, lakini nilienda shoo moja live nikacheka mpaka machozi. Tatizo ni mimi? (Kijana wa chuo)

Poa mdogo wangu, wewe huna tatizo lolote. Una vitu viwili tofauti umevichanganya, ngoja tuvitenganishe.

Trevor kwanza. Nakisia umewasha sabutaito. Zima. Najua Kiingereza chake kinakimbia na unaogopa utapitwa, lakini sikiliza kinachotokea, maandishi yanakuja sentensi nzima kwa mpigo, kwahiyo mwisho wa utani unausoma kabla yeye hajausema. Yeye bado anavuta pumzi, wewe umeshajua, halafu anasema na wenzako wanalipuka na wewe unabaki unajiuliza mbona mi sikusikia kitu. Umeibiwa na maandishi. Na yeye hasa silaha yake kubwa ni lafudhi, kwenye I Wish You Would ya 2022 ana ile ya kuagiza chakula cha Kihindi Scotland, ukiisoma imeandikwa hamna kitu pale, ni mtu anaagiza chakula tu. Utamu wote uko kwenye mdomo wake unavyohama kutoka mtu mmoja kwenda mwingine. Hata neno usilolielewa utacheka sauti. Jaribu bila maandishi mara mbili, ya kwanza utapotea kidogo, ya pili utarudi kuniambia.

Sasa hizi za kwetu. Mwaka jana nilikuwa kwenye shoo moja hapa Dar, ukumbi umejaa, feni hazitoshi, kijana akapanda jukwaani wala simjui jina. Akasema "mama mwenye nyumba wangu..." akanyamaza. Akaangalia viatu vyake. Akavuta suruali juu kidogo. Hakuongeza neno. Nyuma kule mtu mmoja akaanza kucheka, mwanamke wa pembeni yangu akasema "Mungu wangu" kwa sauti ndogo, halafu kicheko kikaanza kutembea safu kwa safu, mpaka kinafika mbele ukumbi mzima umelala, na jamaa bado hajasema utani wowote! Kwanini? Kwa sababu humo ndani karibu wote tumepanga, wote tumewahi kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kila mtu alikuwa anamwona mama mwenye nyumba wake mwenyewe na kufuli lake. Wiki iliyofuata nikaiona klipu yake. Wameukata ule ukimya wote ili iwe fupi, wamebandika sauti ya kicheko na kikatuni kinalia machozi. Sikucheka na mi nilikuwepo!

Stendapu ni ya watu waliokaa pamoja, klipu inakuletea maneno bila watu. Ndio maana shoo ya stendapu ya Cheka Tu ikijaza ukumbi huwezi kuielewa kwa kuangalia sekunde thelathini ukiwa kwenye daladala. Wenye akili hiyo ni mchekeshaji Njugush na mkewe wa kule Kenya, shoo zao za Through Thick and Thin wanaziuza nzima, unalipia unakaa unaangalia mwanzo mwisho, wanajua vipande vitawaua.

Wapo ambao kipande kinawatosha, hilo nakubali, ila hao huwa wanachekesha kwa mwili. Joti akivaa ubibi akatembea hatua tatu umeshacheka, neno halijatoka. Na King Majuto, Mungu amrehemu, tangu 2018 hatunaye na mi bado sijaona wa kukaa pale, yule mzee wa Tanga alikuwa anaweza kumwangalia mtu tu, anamwangalia, anamwangalia, anageuza shingo kama anataka kuondoka halafu anarudi kumwangalia tena. Tafuta yoyote ya zamani uzime sauti kabisa. Utacheka. Halafu washa sauti ucheke upya.

Kwahiyo chukua wenzako wanne, weka shoo nzima, simu zote mezani. Uniambie kama hujacheka.

Kwanini tamthilia zetu za kila siku wanarudia rudia? Siri inajulikana Jumatatu, Jumanne anaambiwa shangazi, Jumatano jirani. Inachosha. (Msomaji wa Dodoma)

Kwa sababu zimeandikwa kwa mtu anayepika. Anatoka jikoni dakika mbili, anarudi kugeuza ugali, anakosa siku mbili umeme umekata, na akirudi anataka asiwe amepotea. Wewe unayeziangalia tano kwa mkupuo wikiendi ndio unaona marudio, mama wa kila siku haoni. Hata hivyo nakubaliana na wewe kwamba kuna namna ya kurudia kwa akili, shangazi akiambiwa siri basi aipokee tofauti, atumie kwa faida yake, hadithi isogee hata nusu hatua. Tamthilia ya Jua Kali ya mwongozaji Lamata mi nadhani imedumu kwa sababu hiyo, habari ikifika kwa mtu mpya huwa inamletea na yeye balaa lake.

Dada mi niko Songea nataka kutengeneza filamu fupi, nina simu tu na laki moja na nusu niliyoweka akiba. Ninunue nini kwanza, taa au ile stendi ya kuzungushia simu? (Kijana wa Songea)

Hongera sana, umenifurahisha kuliko wote leo. Usinunue hata kimoja, nunua maiki. Ile ndogo ya kubana kwenye kola inayochomekwa kwenye simu, na chenji itakayobaki iwe nauli na soda za waigizaji wako.

Nimeangalia Bongo Muvi nyingi sana zenye hadithi nzuri kabisa, waigizaji wanalia machozi ya kweli, na sikusikia wanachosema kwa sababu maiki ilikuwa ya kamera, kamera iko mita nne, halafu mtu wa kuhariri akaona sauti mbaya akaifunika na kinanda cha huzuni mwanzo mpaka mwisho. Picha yenye giza mtazamaji anavumilia, anadhani umefanya makusudi. Sauti mbaya anazima.

Rekodi asubuhi kabla mtaa haujaamka na kabla jirani hajawasha spika. Ndani tandika blanketi sakafuni na tundika kanga ukutani, chumba kitupu cha saruji kinapiga mwangwi kama kisima. Zima feni. Kila mkimaliza sehemu moja waambie wote wanyamaze nusu dakika na uirekodi hiyo kimya ya chumba, itakusaidia kuziba viraka wakati wa kuhariri. Na zima friji, maana mlio wake wewe umeuzoea huusikii ila maiki inausikia wote. Ukimaliza tu iwashe tena kabla mama hajarudi akakuta samaki wake wameharibika.